Maji Yakizidi Unga: Figo na Unywaji wa Maji Kupita Kiasi



"Maji ni uhai" ni kauli ya kweli, na hatukusudii kuipinga katika kurasa hizi. Hata hivyo, kila asongaye ugali anajua kwamba maji yakizidi unga, chungu kizima huharibika. Mwili wa binadamu nao una kipimo chake, na mlinzi wa kipimo hicho ni figo.

Katika tambarare za Kahe, kusini-mashariki ya mji wa Moshi, joto la Januari hadi Machi huwakuta wakulima wa mpunga, mahindi na miwa wakiwa kazini. Huko ushauri wa kunywa maji mengi hausikiki kwa nadra. Mwenye kichwa kizito huambiwa anywe maji. Mwenye mkojo wa njano iliyokolea huambiwa vivyo hivyo. Hata yule aliyeelezwa na daktari kwamba figo zake zimeanza kushindwa, jirani humshauri anywe lita tano kila siku "ili azisafishe". Ushauri wa kwanza na wa pili mara nyingi ni mwema. Huo wa tatu unaweza kumfikisha mtu kitandani hospitalini.

Je, maji mengi huharibu figo? Jibu letu kwa ufupi ni hili: figo zenye afya haziharibiki kwa sababu ya maji mengi, ila zina kasi yake ya kufanya kazi. Maji yakiingia kwa haraka kuliko figo zinavyoweza kuyatoa, kiungo kinachoumia kwanza ni ubongo. Figo zilizokwisha kuugua, kwa upande wake, hazisafishwi kwa maji mengi, hulemewa nayo.

Kazi ya figo kwa siku moja

Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kwa pamoja, figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, yaani ndoo tisa za lita 20. Sehemu kubwa mno ya majimaji hayo hurudishwa katika damu, na kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili tu hutoka kama mkojo. Kwa hiyo figo hazingoji maji ya chupa ili zianze kujisafisha. Zinasafisha damu usiku na mchana, uwe umekunywa glasi nne au nane.

Ubongo ndio unaoziongoza figo. Maji yakipungua mwilini, ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, na mkojo huwa mchache na wenye rangi iliyokolea. Maji yakizidi, homoni hiyo hupungua, na mkojo huwa mwingi na mweupe. Mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, anaweza kutoa kiasi cha mililita 800 hadi lita moja ya mkojo kwa saa. Huo ndio ukomo wa kasi ya figo.

Ukomo huo hushuka katika hali mbalimbali. Kazi ngumu ya muda mrefu, maumivu makali, kichefuchefu na baadhi ya dawa huufanya ubongo uendelee kutoa homoni ya kubana maji hata pale maji yanapokuwa mengi. Mtu anayekula kidogo sana hukutana na kikwazo kingine: figo haziwezi kutoa maji matupu, kwani kila lita ya mkojo ni lazima ibebe chumvi na mabaki ya chakula. Ndiyo maana mtu aliyeshinda na uji mwepesi peke yake, kisha akanywa maji mengi kwa mkupuo, yumo katika hatari kubwa kuliko aliyekula mlo kamili.

Kinachotokea maji yanapozidi

Damu ina chumvi ya sodiamu ambayo kiwango chake cha kawaida ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Maji yakizidi, sodiamu hiyo huchujuka kama mchuzi ulioongezwa maji. Hapo maji huhama kutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli za mwili, nazo huvimba. Seli za misuli zina nafasi ya kuvimbia. Ubongo, uliofungwa ndani ya fuvu, hauna nafasi hiyo.

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, tumbo kujaa na vidole kuvimba hata pete ikabana. Baadaye hufuata kutapika, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, degedege na kupoteza fahamu. Hali hii huweza kuua kwa saa chache. Ubaya wake ni kwamba dalili za mwanzo hufanana na za mtu aliyepungukiwa maji au aliyechoshwa na jua, na wanaomzunguka humwongezea maji wakidhani wanamwokoa.

Ushahidi wa jambo hili umetoka kwa wakimbiaji. Katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu pungufu, na watatu walikuwa katika hali ya hatari kubwa. Waliokuwa hatarini zaidi hawakuwa wenye kasi. Walikuwa wale waliokimbia kwa zaidi ya saa nne, wakanywa kila kituo, na wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Somo hilo linatuhusu sisi wa Kilimanjaro kwa karibu. Mji wa Moshi hupokea maelfu ya wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon kila mwaka, wengi wao wakiwa wa mara ya kwanza. Wapagazi, waongozaji na wageni wao hupanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako ushauri wa kunywa lita tatu au nne kwa siku ni wa kawaida. Ugonjwa wa mwinuko nao huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu. Mwongozaji anayeona dalili hizo kwa mgeni wake asiharakishe kumpa chupa nyingine. Amuulize kwanza amekunywa kiasi gani na amekojoa mara ngapi, kisha amteremshe na kumtafutia tabibu.

"Glasi nane" zilitoka wapi?

Watu wengi huamini kwamba kila mtu sharti anywe glasi nane za maji kwa siku. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ilitaja lita mbili na nusu kwa siku kama kiasi kinachomfaa mtu mzima, lakini iliongeza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Sentensi ya kwanza ilienea duniani. Ya pili ikasahauliwa.

Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikadiria lita 2 kwa wanawake na lita 2.5 kwa wanaume kwa siku, ikihesabu vinywaji na chakula kwa pamoja. Kwa mlaji wa Kahe, hesabu hiyo inajumuisha chai ya asubuhi, uji, mtori, mchuzi wa maharage, tikitimaji na machungwa. Anayefanya kazi juani huhitaji zaidi ya hapo. Anayekaa kivulini huhitaji pungufu. Kwa mtu mwenye afya, kiu na mkojo wa njano hafifu ni vipimo vya kuaminika zaidi kuliko idadi ya glasi. Mkojo ukiwa mweupe kama maji mchana kutwa, nawe ukienda msalani kila nusu saa, unakunywa kuliko unavyohitaji.

Kazi ya juani

Hatungependa msomaji afunge kijitabu hiki akiogopa maji. Katika jua la Kahe, na katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini yaliyo jirani, kukosa maji ni hatari ya kila siku, tena ni hatari kwa figo zenyewe. Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamepatwa na ugonjwa sugu wa figo. Chanzo chake bado kinachunguzwa, lakini joto kali pamoja na kazi nzito bila mapumziko vinatajwa miongoni mwa sababu kuu. Tiba ya hali hiyo ni maji, kivuli na mapumziko kwa pamoja, wala si maji peke yake.

Kwa anayefanya kazi juani tunashauri haya:

Kunywa kikombe kimoja cha mililita 250 kila baada ya dakika 15 hadi 20 unapotoka jasho. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, hata kama kiu ni kali.

Usikae kwa saa nne bila kunywa, kisha ukamaliza dumu la lita tano kwa mara moja. Figo hazifidii muda uliopita.

Kula. Mlo wenye chumvi ya kawaida ya mboga unatosha kwa wengi kurudisha kile kilichotoka na jasho.

Jihadhari na vidonge vya maumivu, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, vinavyomezwa ili kuvumilia kazi. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, huweza kuzidisha ubanaji wa maji, na zikitumiwa mara kwa mara bila ushauri huharibu figo.

Ukiharisha au kutapika, maji matupu hayatoshi. Tumia ORS, ukichanganya pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake.

Wasiopaswa kufuata ushauri wa jumla

Watoto wachanga. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji, hata siku ya joto kali. Maziwa ya mama yana maji kwa kiasi cha asilimia 87, nayo yanamtosha. Figo zake bado ni changa, na kiasi kidogo cha maji huweza kuichujua sodiamu yake hadi akapata degedege. Tunawaomba bibi na mama wakwe, wanaompa mjukuu maji kwa huruma, walipokee neno hili kwa heshima. Mzazi anayetumia maziwa ya kopo asiongeze maji ili kopo lidumu. Afuate kipimo kilichoandikwa.

Wagonjwa wa figo. Utafiti uliofanyika Moshi mjini na vijijini na kuchapishwa mwaka 2015 uliwapima watu wazima 481, ukakadiria kwamba asilimia 7 wana ugonjwa sugu wa figo. Mjini kiwango kilifikia asilimia 15.2, na vijijini asilimia 2. Wengi wao hawakuwa na habari. Huko Canada, wagonjwa 631 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilihimizwa kuongeza maji kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana katika kasi ya figo zao kudhoofika. Maji ya ziada hayakuziokoa. Ugonjwa unapoendelea, mkojo hupungua, na maji yanayonywewa hubaki mwilini: miguu huvimba, shinikizo la damu hupanda, na mapafu huweza kujaa maji hadi mtu akashindwa kulala chali. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hupangiwa kiasi chake cha siku. Apime kiasi hicho asubuhi katika chupa moja, ahesabu humo chai na mchuzi, na apunguze chumvi, kwani chumvi ndiyo mama wa kiu.

Wenye moyo dhaifu na wazee wanaotumia dawa za shinikizo. Baadhi ya dawa zinazoongeza mkojo hupunguza pia sodiamu. Mzee anayezitumia akianza kuyumba, kusahau au kuanguka, apimwe damu. Isidhaniwe kwamba ni umri tu.

Mwenye kiu isiyokwisha. Anayekunywa lita nyingi kila siku na bado ana kiu, anayeamka usiku mara kwa mara kukojoa, au anayekonda huku akila vizuri, asihesabu hayo kuwa afya njema. Huenda ni kisukari. Kipimo cha sukari ni cha haraka, na kisukari pamoja na shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kufa.

Wapo pia wanaofaidika kwa kuongeza maji, nao ni waliowahi kupata mawe kwenye figo. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1996, wagonjwa 199 walifuatiliwa kwa miaka mitano. Waliohimizwa kunywa maji ya kutosha, mkojo wao ukafikia lita mbili kwa siku, asilimia 12 walipata mawe tena. Wasiohimizwa, asilimia 27. Hivyo basi ushauri wa maji hutegemea ugonjwa, na anayekushauri bila kujua ugonjwa wako anabahatisha.

Wingi wa maji na ubora wake

Mtumiaji wa nyanda za kaskazini ana jambo jingine la kuangalia. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro huyapa baadhi ya maji ya visima na chemchemi floridi nyingi. Meno ya kahawia ya watu wengi wa ukanda huu yanatokana nayo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kadiri mtu anavyokunywa maji mengi ya kisima chenye floridi, ndivyo anavyoiingiza mwilini, na kazi ya kuitoa ni ya figo. Figo zikiwa dhaifu, floridi hubaki na kujilimbikiza mifupani.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi hukolea. Ukitumia kisima, iombe mamlaka ya maji au jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lako ikuonyeshe matokeo ya kipimo chake. Kuuliza hivyo ni haki yako.

Unapouziwa "usafi wa figo"

Sokoni na kwenye simu yapo matangazo ya maji, unga na dawa zinazodaiwa kusafisha figo, mara nyingi zikiambatana na agizo la kunywa lita nne au tano kwa siku. Kabla hujatoa fedha, jiulize maswali manne.

Je, bidhaa ina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi? Kwa maji ya chupa, je, kifuniko kimefungwa bila kuguswa?

Kama inaitwa dawa, je, imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)? Kama ni ya asili, je, inatambuliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala?

Je, muuzaji amekuuliza kama una shinikizo, kisukari au ugonjwa wa figo? Asiyeuliza hawezi kujua kama anakufaa au anakuumiza.

Je, amekuambia uache dawa za hospitali? Huyo mwepuke.

Tangazo la kupotosha linaweza kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Tunza stakabadhi na kifungashio; ndivyo ushahidi wako. Na kama kweli unataka kujua hali ya figo zako, fedha hiyo itumie kwa vipimo vitatu: shinikizo la damu, protini katika mkojo na kreatinini katika damu. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe kitakuelekeza pa kuvipata.

Mtu akizidiwa na maji

Iwapo mtu amekunywa maji mengi kwa muda mfupi, kisha akaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, aache maji mara moja na asiachwe peke yake. Akiwa na fahamu kamili na tumbo linakubali, anaweza kula kitu chenye chumvi, kama mchuzi mzito au karanga. Akitapika mfululizo, akichanganyikiwa au akipata degedege, asipewe kitu chochote kinywani. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Waelezeni wahudumu waziwazi kwamba amekunywa maji mengi, na kwa muda gani, ili sodiamu yake ipimwe. Msijaribu kumtibu nyumbani kwa maji ya chumvi nyingi: sodiamu ikipandishwa kwa pupa, hasa kwa mtu ambaye imepungua kwa siku nyingi, ubongo huweza kuumia kwa namna isiyorekebishika.

Neno la mwisho

Kunywa unapohisi kiu, ongeza jua linapokuwa kali, na gawa maji yako katika siku nzima. Kama figo, moyo au sukari yako vina hitilafu, kiasi chako akupangie tabibu, si jirani wala muuza chupa. Aliye Kahe, aliye Marangu na aliye Moshi mjini hawahitaji kiasi kimoja cha maji, na figo zao zinalijua hilo. Kazi yetu ni kutozitwika mzigo kuliko kasi yake.